Dhamana ni ile ile, kodi ya chumba ndiyo hutofautiana: Kwa nini Leipzig humfaa mwanafunzi

MZAZI anayekusudia kumpeleka mtoto wake chuo kikuu nchini Ujerumani hukutana na tarakimu moja kabla ya nyingine zote: Euro 11,904. Hicho ndicho kiwango cha fedha kilichowekwa mwezi Septemba 1 ya 2024 kama dhamana ya maisha ya mwanafunzi wa kigeni kwa mwaka mmoja. Fedha hizo huwekwa katika akaunti maalum ya zuio, na mwanafunzi akishafika huruhusiwa kuchukua Euro 992 tu kila mwezi.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalizingatii ni kwamba dhamana hiyo ni moja kwa nchi nzima. Anayekwenda Munich huweka Euro 11,904, na anayekwenda Leipzig huweka hizo hizo. Lakini kodi ya chumba haiko sawa hata kidogo. Kwa lugha ya sokoni, mtaji ni mmoja na bei za bidhaa ni mbili. Hapo ndipo miji ya kadiri inapoishinda miji mikubwa, na Leipzig, iliyoko katika jimbo la Saxony mashariki mwa Ujerumani, ni mfano mzuri wa kuchambua.

Leipzig ina wakazi zaidi ya 600,000. Ni idadi ndogo kuliko ile ya Jiji la Dodoma, ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 760,000. Ikilinganishwa na Berlin yenye watu zaidi ya milioni tatu na nusu, au Munich yenye karibu milioni moja na nusu, Leipzig ni mji wa kadiri. Hata hivyo Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1409 na kina wanafunzi wapatao 30,000, mbali na wale wa vyuo vingine vilivyomo mjini humo.

Hesabu ya mwezi mmoja

Katika muhula uliofunguliwa Oktoba 2024, uchunguzi wa taasisi ya Moses Mendelssohn ya Ujerumani ulionyesha kuwa chumba katika nyumba ya kuchangia na wanafunzi wengine kiligharimu wastani wa Euro 790 kwa mwezi mjini Munich na Euro 650 mjini Berlin. Wastani wa nchi nzima ulikuwa Euro 489. Leipzig ilikuwa chini ya wastani huo.

Gharama ya pili isiyokwepeka ni bima ya afya. Mwanafunzi asiye na bima hasajiliwi chuoni. Kwa mwanafunzi wa umri wa chini ya miaka 30, bima ya umma mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya Euro 140 kwa mwezi, na kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya mji na mji.

Mwanafunzi wa Munich anayelipa kodi ya wastani hutoa Euro 790 katika zile Euro 992, akabaki na Euro 202. Akiondoa Euro 140 za bima hubaki na Euro 62. Hizo ndizo za chakula, simu, nguo, vitabu na nauli kwa mwezi mzima katika mmoja wa miji ghali zaidi barani Ulaya. Ni dhahiri kwamba hazitoshi, na nyongeza itatoka ama kwa mzazi ama kwenye kazi ambayo mwanafunzi ataifanya katika saa alizopaswa kusoma.

Anayelipa wastani wa nchi, yaani Euro 489, hubaki na Euro 363 baada ya bima. Wa Leipzig, ambako kodi iko chini ya wastani huo, hubaki na zaidi ya hapo. Kwa anayejipikia na kununua mahitaji katika maduka ya bei nafuu, fedha hizo humfikisha mwisho wa mwezi, ingawa haziachi ziada kubwa.

Kwa kodi peke yake, tofauti kati ya Munich na wastani wa nchi ni Euro 301 kwa mwezi, sawa na Euro 3,612 kwa mwaka. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu kwa kawaida, na tofauti hiyo ikijumlishwa hupita Euro 10,800. Ni karibu sawa na dhamana ya mwaka mzima. Kwa maneno mengine, mzazi anayechagua mji bila kupiga hesabu anaweza kulipia mwaka wa nne ambao mtoto wake hakusoma.

Ada ya masomo

Vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo kwa kozi za kawaida. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula, ambao ni mamia ya Euro, wala si maelfu, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya usafiri.

Hata hivyo si kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye miji ya Heidelberg na Stuttgart, lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa kila muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza Oktoba 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wa aina hiyo kati ya Euro 2,000 na 6,000 kwa muhula, kutegemea kozi. Katika jimbo la Saxony sheria huviachia vyuo uamuzi, na Chuo cha Muziki na Tamthilia cha Leipzig kimekuwa kikitoza wageni Euro 1,800 kwa muhula. Kwa hiyo mzazi asiridhike na maneno ya mitaani kwamba Ujerumani kusoma ni bure. Anapaswa kusoma masharti ya chuo husika na kozi husika, kwa mwaka ule ule anaoomba.

Kwa nini vyumba vilikuwa rahisi

Unafuu wa Leipzig una historia inayofaa kusomwa na kila mwenye nia ya kuwekeza katika nyumba. Kabla ya Vita Kuu ya Pili mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 700,000. Nyumba zake nyingi ni majengo ya ghorofa nne au tano yaliyojengwa kabla ya mwaka 1914, yenye vyumba vipana na dari za juu. Wakati wa Ujerumani Mashariki majengo hayo hayakutunzwa, serikali ikajenga mitaa mipya ya maghorofa ya saruji nje ya kitovu cha mji.

Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990 viwanda vingi vya Leipzig vilifungwa. Wafanyakazi waliokosa ajira wakahamia Magharibi, na kufikia mwaka 1998 wakazi walikuwa wamepungua hadi chini ya 440,000. Katika kipindi hicho hicho serikali ilitoa nafuu kubwa ya kodi ya mapato kwa yeyote atakayewekeza katika majengo ya Mashariki. Madaktari, mawakili na wafanyabiashara wa Magharibi wakanunua na kukarabati nyumba kwa shabaha ya kupunguza kodi, bila kuuliza nani atapanga.

Matokeo yake yalikuwa kile ambacho mfanyabiashara yeyote angekitabiri. Ugavi ulipanda huku mahitaji yakishuka. Karibu mwaka 2000 mji ulikuwa na nyumba zipatazo 60,000 zisizo na wapangaji. Kodi ilianguka, na wawekezaji wengi wadogo waliokopa benki wakijua kodi ingelipa deni walijikuta wakilipa wenyewe.

Hasara ya mwenye nyumba ikawa faida ya mwanafunzi. Mwaka 2004 kilianzishwa chama kiitwacho HausHalten, kilichowakutanisha wenye majengo matupu na watu wenye kuhitaji nafasi. Waliohamia walilinda jengo lisiharibike kwa mvua na wizi, nao hawakutozwa kodi ya kawaida, ila gharama za uendeshaji. Wasanii, wanafunzi na wenye karakana ndogo walianza hivyo, hasa katika mitaa ya magharibi ya mji iliyokuwa ya viwanda.

Akiba hiyo sasa imekwisha. Watu walirudi, na mwaka 2019 Leipzig ilivuka tena wakazi 600,000. Kodi ikaanza kupanda, na mwaka 2022 jimbo la Saxony liliweka kikomo cha kodi ya mikataba mipya katika miji ya Leipzig na Dresden. Nafuu bado ipo ukilinganisha na Munich au Berlin, lakini inapungua. Anayetegemea bei alizosimuliwa na ndugu aliyesoma huko mwaka 2005 atashangaa.

Mji unaotembeleka

Sababu ya pili ni umbo la mji. Jengo kuu la Chuo Kikuu liko Augustusplatz, katikati kabisa. Mji wa kale uliozungukwa na barabara ya duara unaweza kuukata kwa miguu kwa muda usiozidi dakika 20. Ardhi ni tambarare, hivyo baiskeli ni usafiri wa kweli na si mchezo. Mitaa ya mbali hufikiwa kwa tramu, na tangu Desemba 2013 treni za mjini hupita chini ya ardhi kutoka stesheni kuu hadi upande wa kusini.

Kwa mwanafunzi, umbali ni fedha na ni muda. Anayekaa saa moja na nusu njiani kila siku katika jiji kubwa hupoteza zaidi ya saa saba kwa wiki ya siku tano. Muda huo ukitumika katika kazi ya malipo, kwa kima cha chini cha Euro 13.90 kwa saa kilichoanza Januari 2026, ni karibu Euro 100 kwa wiki. Na akihitaji kwenda Berlin, kwa mfano kwenye ubalozi, treni ya mwendo kasi humfikisha kwa muda wa saa moja na robo.

Mji wa wafanyabiashara

Sababu ya tatu ni ajira, na hapa Leipzig huitofautisha na miji mingine midogo ya vyuo ambako hakuna shughuli nyingine zaidi ya chuo chenyewe. Mfalme Maximilian wa Kwanza aliyapa maonyesho ya biashara ya Leipzig kibali cha kifalme mwaka 1497, na mwaka 1507 akayakinga dhidi ya masoko shindani ya miji ya jirani. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, ni kama Sabasaba iliyodumu kwa zaidi ya miaka 500. Mwaka 1895 Leipzig ilibadili mtindo: badala ya kusafirisha shehena nzima, mfanyabiashara alileta sampuli, akachukua oda, na bidhaa zikafuata baadaye. Mtindo huo ukaigwa na dunia.

Uwanja mpya wa maonyesho ulifunguliwa mwaka 1996. Kampuni ya magari ya Porsche ilifungua kiwanda mwaka 2002, na BMW ikaanza kuunda magari mwaka 2005. Mwaka 2008 kampuni ya mizigo ya DHL ilihamishia kituo chake kikuu cha Ulaya katika uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle, ambako ndege hutua na kuruka usiku kucha. Soko la nishati la Ulaya, EEX, ambako umeme na gesi huuzwa na kununuliwa kwa mikataba, pia lina makao yake Leipzig. Aidha chuo cha biashara cha HHL, kilichoanzishwa mwaka 1898, ndicho kikongwe zaidi cha aina yake nchini Ujerumani, ingawa hicho ni cha binafsi na hutoza ada kamili.

Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Akifanya saa 10 kwa wiki kwa kima cha chini hupata karibu Euro 600 kwa mwezi. Akishahitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Hata hivyo fedha za kazi hazihesabiwi ubalozini wakati wa kuomba viza. Dhamana lazima iwepo kwanza.

Upande wa hasara

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lina pande mbili.

Gharama kubwa ya kwanza ni lugha. Kozi nyingi za shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Zile za Kiingereza zipo zaidi katika shahada ya pili. Mwanafunzi asiyejua Kijerumani huhitaji kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi wa kujifunza, na mwaka huo nao unahitaji dhamana yake. Leipzig ina uzoefu wa siku nyingi katika jambo hili. Tangu mwaka 1956 chuo hicho kilikuwa na taasisi ya kuwaandaa wanafunzi wa kigeni, ambayo baadaye ilipewa jina la Herder, na wageni wengi waliopelekwa kusoma Ujerumani Mashariki walianzia hapo. Zanzibar, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na nchi hiyo baada ya Mapinduzi ya 1964, ilipeleka vijana wake Ujerumani Mashariki. Kiswahili chenyewe hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Lakini historia hiyo haimpunguzii mwanafunzi wa leo kazi ya kujifunza lugha. Anayeianza Dar es Salaam au Nairobi, ambako Taasisi ya Goethe hufundisha, huokoa fedha nyingi kuliko anayeianzia Ujerumani.

Pili ni cheti. Matokeo ya kidato cha sita hayampi kila mwombaji nafasi ya moja kwa moja. Hutegemea masomo na ufaulu, na baadhi hutakiwa kupitia kwanza chuo cha maandalizi, ambacho Leipzig kipo. Maombi mengi hupitia kituo cha uni-assist, kinachotoza Euro 75 kwa ombi la kwanza na Euro 30 kwa kila ombi linalofuata katika muhula huo. Kuomba vyuo 10 ovyo ovyo ni Euro 345 kabla ya jibu lolote.

Tatu ni hali ya siasa. Katika uchaguzi wa jimbo la Saxony wa Septemba 2024 chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 30 ya kura. Leipzig yenyewe ina mwelekeo tofauti, na vyama vya mrengo wa kushoto vilishinda baadhi ya viti vyake katika uchaguzi huo huo. Hata hivyo mzazi anapaswa kujua kuwa mwanafunzi Mwafrika hatapokewa kwa namna moja katika kila mji mdogo wa jimbo hilo. Hii nayo ni sababu ya kuchagua mji wenye wageni wa kutosha, wala si kijiji kwa kuwa chumba ni rahisi zaidi. Rahisi huvunja upishi.

Nne ni thamani ya shilingi. Dhamana iko katika Euro, na kipato cha mzazi kiko katika shilingi. Mfano ni wa mwenye duka Kariakoo anayeuza kiwanja ili apate fedha hizo. Akiuza mwezi Januari na kubadili fedha mwezi Agosti, amecheza bahati nasibu ya miezi saba kwa mtaji wa familia. Anayenunua Euro kidogo kidogo katika muda huo hawezi kupata bei nzuri kuliko zote, lakini haangukii ile mbaya kuliko zote. Viza ikikataliwa, fedha za akaunti ya zuio hurudishwa kwa kuonyesha barua ya kukataliwa, ila ada za huduma kwa kawaida hazirudi.

La kufanya

Kwa mzazi mwenye fungu la kutosha dhamana na si zaidi, uchaguzi wa mji ni sehemu ya ada. Hatua zenyewe hazina siri. Kwanza, thibitisha ubalozini kiwango cha dhamana cha mwaka husika, kwani hubadilika. Kabla ya Septemba 2024 kilikuwa Euro 11,208. Pili, andika kwa kila mji unaofikiriwa kodi, bima, mchango wa muhula na ada, kisha toa katika Euro 992. Mji unaoacha chini ya Euro 250 kwa mwezi ufutwe, hata kama jina lake ni kubwa. Tatu, omba chumba katika mabweni ya Studentenwerk ya Leipzig mara tu barua ya kukubaliwa inapofika. Muhula wa Oktoba huwaleta wanafunzi wapya kwa mkupuo, na anayechelewa hulipa bei ya soko.

Angela Merkel, aliyeiongoza Ujerumani kwa miaka 16, alisomea fizikia Leipzig kuanzia 1973 hadi 1978. Jina la mji halikumzuia kufika. Kwa mtoto wa mwenye duka, swali la kwanza si mji gani unajulikana zaidi, ni mji upi utamwezesha kumaliza miaka mitatu bila kupiga simu nyumbani kila tarehe 20 kuomba fedha ya chakula.